Moto Uliotoka Zizini

Mkaa ndio uliomnyima Barke usingizi. Masika ya mwaka wa themanini na sita gunia lilipanda bei mara tatu, na lenyewe likija limelowa, ulikoke uone litakavyokutoa machozi. Barke alikuwa akipika mahamri na mbaazi za nazi pale Kisauni tangu ujana wake, na kazi hiyo ndiyo iliyoezeka nyumba na kumwoza binti yake Zubeda. Mumewe Shee alifuga ng'ombe watatu uani, lakini maziwa yao hayakuwa ya kutajika. Mkaa ukimshinda Barke, basi wamekwisha.

Gershom, fundi wa Frere Town, ndiye aliyewaletea habari ya gesi ya samadi. Unachimba shimo, unalijengea kwa saruji, unalifunika kwa pipa kubwa la chuma. Samadi na maji vikichacha humo, gesi hupanda, nawe unaivuta kwa bomba mpaka jikoni. "Mama, maadamu ng'ombe wanakula, wewe utapika," alisema Gershom. Kisha akataja gharama, na mke na mume wakatazamana. Benki ilikuwa tayari kukopesha, ila Shee hakutaka hata kusikia. Riba, alisema, haipiti mlango wake.

Barke akapata wazo. Wateja wake wampe mapema fedha za futari ya Ramadhani ijayo, naye awalishe mwezi mzima. Alikwenda kwa Mwalimu Mwinyihaji wa msikiti wa mtaani kumuuliza kama inafaa.

"Yafaa," alisema mwalimu. "Kutanguliza fedha si riba, bora kitu kijulikane, na kiasi chake, na siku zake."

Sasa hebu niambie. Mtu ana maswali mawili moyoni, anauliza lile jepesi, lile zito analimeza. Ndivyo alivyofanya Barke. Samadi kwa watu wa mtaa ule ni najisi, ikikurukia nguo husali mpaka uifue. Je, chakula kilichoiva kwa moto wake? Alijua swali lipo, na kwa kujua alilikimbia. Watu ishirini na wawili walimpa fedha zao, na kila mmoja aliambiwa maneno mawili tu: jiko jipya. Wa kwanza kutoa alikuwa Bi Mwanamkasi, jirani, bibi ambaye hata sarafu huisuuza kabla ya kuitia kibindoni.

Shimo likachimbwa, pipa likalifunika, fedha zote zikaingia ardhini. Shee mwenyewe ndiye aliyebeba samadi kwa ndoo asubuhi na jioni. Wiki mbili kabla ya Ramadhani Gershom alifungua bomba, akawasha kiberiti, na moto wa buluu ukatulia chini ya karai bila hata uzi wa moshi. Barke alilia kwa furaha. Akakaanga mahamri ya kwanza, akampelekea mumewe.

"Nimeshiba, Mama Zubeda," alisema Shee.

Kesho yake akasema tumbo halimpi raha. Siku ya tatu Barke aliiona sahani imefunikwa vilevile, mahamri hayakuguswa. Akaketi. "Hujashiba wala huumwi, Baba Zubeda. Niambie."

Shee aliinamisha kichwa. "Samadi ile naibeba mimi kwa mikono yangu. Nikilitazama hamri naiona ndoo. Nimejilazimisha, moyo umekataa."

Mficha uchi hazai. Ikiwa anayebeba samadi mwenyewe hali mahamri, Bi Mwanamkasi atakula? Na fedha atazirudisha kwa kipi, akafukue saruji? Usiku huo Barke hakulala. Kulipokucha alirudi kwa Mwalimu Mwinyihaji na lile swali la pili. "Hili nitawauliza walionizidi elimu," alisema mwalimu. "Lakini kuwaficha watu wanachokula, hilo halina haja ya kuulizwa."

Ijumaa baada ya alasiri Barke aliwaita wateja wote barazani kwake, akawaambia kila kitu. Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Bi Mwanamkasi alisimama kwanza. "Mimi nipikie kwa mkaa, mwanangu, au nirudishie changu." Wakamfuata wengine kumi na watatu. Barke alivua bangili yake ya dhahabu ya harusi, ikauzwa, ukanunuliwa mkaa wa masika, uleule uliolowa. Jikoni kukawa na moto wa aina mbili, na mpishi mmoja aliyefunga.

Kila magharibi alikuwa akihesabu sahani za mkaa, roho juu. Kumi na nne, na ya Shee ya kumi na tano. Mwezi ulipofika nusu, mwalimu alileta jibu: wakubwa zake hawakuona ubaya. Sahani zikapungua hadi saba. Siku ya ishirini Bi Mwanamkasi aliinusa futari yake, akaisukuma. "Barke, mkaa huu wako wauwashia mafuta ya taa. Hamri lanuka kama kibatari. Nipe la kule kwenye gesi." Baada yake hakubaki mtu wa mkaa ila mmoja, na huyo alikuwa akilala kitanda kimoja na mpishi.

Barke hakumlaumu. Alikoka, akapuliza, akatokwa na machozi, siku tisa mfululizo, kwa ajili ya sahani moja. Usiku alijiuliza kama ataishi hivyo mpaka kufa, na mume asiyeweza kula jasho lake.

Asubuhi ya Idi alimwekea sahani yake kama kawaida. Shee, kanzu mpya mwilini, aliitazama, kisha akayatazama macho ya mkewe, mekundu kwa moshi.

"Nipe la kule," alisema.

"Moyo umekubali?"

"Haujakubali. Lakini nimechoka kula peke yangu."

Barke alimletea hamri moja la moto. Shee alisema bismillahi, akalimega, akatafuna polepole kama mtoto anayepewa dawa. Barke alimkodolea macho mpaka alipomeza. Kisha akachukua kata ya maji, akaenda kuuzima mkaa.