Chombo cha Watumia Maji

Pampu ya kijijini kwetu, nje kidogo ya Ngulyati, ilikufa kiangazi kile kwa sababu ya kipande cha mpira. Zamani fundi wa serikali angekuja na pikipiki, angefunga mpira mpya, angekula wali na kuondoka. Lakini serikali ilikuwa imeanza kujitoa katika kila kitu, pampu yetu ikiwemo, na sheria mpya ilitaka wananchi wamiliki maji yao wenyewe. Ili wamiliki, waunde chombo. Chombo kiwe na katiba, mipaka na usajili wilayani. Kabla ya hapo, hakuna kugusa pampu.

Mimi nilikuwa likizo. Kwa kuwa nina digrii, japo ya historia, nilipewa kazi ya kuifafanua sheria hiyo mkutanoni. Nilieleza kwa ufasaha chombo kinavyoundwa, nani anakisimamia, nani anaweza kukivunja. Mama mmoja, jirani yetu, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hicho chombo kinabeba ndoo ngapi?"

"Si cha kubebea maji, mayu," nilimjibu, nikimwita mama kwa Kisukuma. "Ni chombo cha kisheria."

"Kwani kimetoboka?"

Watu walicheka mpaka mwenyekiti wa kijiji akafuta machozi. Mimi nilikasirika, nikakunja karatasi zangu.

Siku zote hizo mama yangu, na goti lake bovu, alikuwa akishuka mtoni kuchota maji kwenye mchanga. Nilichotaka ni aache kuushuka ukingo ule, basi. Kwa hiyo nikaandika katiba. Wilaya ikairudisha: mipaka haieleweki. Nikaandika tena. Ikarudi: wanawake kwenye kamati hawatoshi. Tukapiga kura upya, na mama akachaguliwa mwenyekiti wa chombo.

Wiki iliyofuata akaitwa Bariadi, semina ya viongozi wa vyombo vya watumia maji. Alivaa kitenge cha kanisani, akapanda gari la wilaya.

"Mtungi hauna kitu," aliniambia kupitia dirisha, gari likaondoka.

Nikashuka na ndoo mbili. Nikafukua mchanga, nikachota kwa pupa, nikapata uji wa tope. Jirani yule yule alikuwa kwenye shimo lake, pembeni.

"Msomi, usiyavuruge. Yasubiri."

"Sheria inasema maji ni haki yangu."

"Haya, yasomee."

Nikachuchumaa kungoja yatuame. Angalau kwa siku mbili za semina, sheria ilikuwa imemtoa mama mtoni.