Makarai Kumi na Manne

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu kabla hata ya saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeajiriwa kufagia na kutunza vitu katika nyumba yetu ndogo ya kumbukumbu za misafara, hapa Ujiji. Kwa kutaka kuonekana mchapakazi, nikakisogeza chungu kimoja kilichokaa katikati ya chumba ili nifagie chini yake. Mkuu wa nyumba ile, ambaye sote tulimwita Mhifadhi, akanitazama juu ya miwani.

"Nani alikiweka hapo?"

"Sijui, bwana."

"Basi mbona umekihamisha? Hapa kitu hakihamishwi mpaka ujue nani alikiweka na kwa nini. Kirudishe."

Nikakirudisha, huku moyoni nikisema mzee huyu atanitoa roho. Sikujua kwamba maneno yale ndiyo yangekuwa kazi yenyewe, na kwamba siku nitakayoyasahau nitajuta mpaka uzeeni.

Baada ya miaka mitatu ya ufagio nilipandishwa, nikawa msaidizi katika kundi la kuweka alama kwenye njia ya zamani ya misafara, kutoka Ujiji kuelekea Uvinza. Mkubwa wetu porini alikuwa Mpimaji, mtu mkimya mwenye dira shingoni na kitabu cha msafiri mmoja wa Kizungu aliyepita huku wakati bara hili halina ramani ya maana. Kila jioni msafiri huyo aliandika alikolala, mto aliovuka, mlima aliouona. Mpimaji alisoma, sisi tukatafuta.

Ninyi vijana mnaotembeza wageni siku hizi mnaonyesha mstari kwenye skrini mkadhani njia ilikuwa hivyo. Haikuwa hivyo. Njia ya msafara ni ya mtu mmoja nyuma ya mwingine, nyembamba, na imejaa kona. Mti ukianguka, wapagazi waliobeba mizigo hawakuwa na nguvu ya kuukata, wakauzunguka. Mti ukaoza, kona ikabaki. Nilijifunza kuitambua kwa miguu. Udongo wake ni mgumu na umebonyea kidogo, na mvua ikinyesha maji hutuama humo kabla ya pengine. Mara nyingine tuliokota ushanga, nami nikafurahi kuliko aliyeokota dhahabu.

Pale kitabu kilipotaja kambi, tulijenga nguzo fupi ya zege. Saruji tulibeba, maji tulichota mtoni, na mawe ya msingi yalikuwa jukumu langu. Tulipovuka mto Ruiche na kufika chini ya kilima chenye mwamba uliopasuka katikati, Mpimaji alisema hapo ndipo msafara ulipolala mara ya mwisho kabla ya kuingia Ujiji. Ilikuwa desturi yao. Hawakuingia mjini na vumbi la njiani. Walisimama karibu, wakaoga, wakafua, wakavaa nguo safi, ndipo wakaingia kwa ngoma na bunduki.

Mahali pale hapakuwa na mawe madogo, ila rundo moja kando ya njia, mkono wa kushoto ukitoka mjini. Nilishukuru Mungu. Nilibeba makarai kumi na manne mpaka pakawa peupe. Nakumbuka nilishangaa kidogo, maana mengi yalikuwa laini na ya mviringo, yameoshwa na maji, ilhali ziwa liko mbali. Sikuuliza. Yaliyopendeza nikayapanga usoni mwa nguzo kama pambo.

"Mawe umepata wapi?" Mpimaji aliuliza.

"Yalikuwa yamerundikwa tu, bwana. Wakulima hao, wakisafisha mashamba."

Hapakuwa na shamba hata moja. Lakini jua lilikuwa kali, sote tulitaka kurudi nyumbani, naye akaandika hivyo hivyo kwenye taarifa.

Miaka ikapita, nikawa mwelezaji wa wageni. Nilikuwa hodari, sijisifu bure. Niliisimulia safari ya yule mzungu mpaka watu wakatoa machozi. Siku moja, wanafunzi walipokwisha kutoka, nikamkuta bibi mmoja amebaki kwenye benchi, fimbo mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umesema vizuri. Na waliobeba je?"

"Walikuwa wengi, bibi. Majina yao kitabuni hayamo."

"La mmoja ninalo mimi," akasema. "Feruzi. Babu yangu, mzaa mama."

Jina lake Bi Mwajuma, wa hapa hapa Ujiji, muuza mawese. Alinieleza kwamba babu yake aliondoka na msafara wakati mama yake Bi Mwajuma bado ananyonya. Alibeba sanduku la vyombo vya kupimia nyota, akaenda nalo mpaka pwani, akarudi. Usiku wa mwisho, kanzu ya kuingilia mjini ameshaifua, homa ikamchukua. Asubuhi mkewe alisikia bunduki za furaha, akatoka na mtoto mgongoni, akautazama msafara wote mpaka mtu wa mwisho. Ndipo kirangozi, yule anayetangulia kuonyesha njia, akamwendea na kumwambia alipolazwa: chini ya mwamba uliopasuka, mkono wa kushoto. Wenzake walimfunika kwa mawe, na kila aliyepita akaongeza moja.

"Nasi kila mwaka tulikwenda," akasema Bi Mwajuma. "Mama alisema babu yako hakufika ziwani, basi tumpelekee ziwa. Tuliokota jiwe ufukweni, tukampelekea. Miaka mingi sasa miguu imenishinda. Nyinyi mna gari. Nipelekeni mara moja tu, nimuage."

Nikayakumbuka makarai yangu kumi na manne. Nilimwambia nitauliza, nikaenda moja kwa moja kwa Mhifadhi, ambaye alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Nilimweleza yote. Nilitumaini ataniambia gari limeharibika, nami nimpelekee bibi jibu hilo.

"Umemwambia?" akauliza.

"Sijaweza, bwana. Bora asiende. Atabaki na picha yake kichwani."

"Ulihamisha usilolijua. Sasa unataka kumficha aliyeliweka?" Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Taarifa ya nguzo ile niliitia sahihi mimi. Tutakwenda wote, lakini utasema wewe."

Tulikwenda asubuhi, Bi Mwajuma mbele karibu na dereva, khanga mpya, kibahasha mkononi. Tulipofika alishuka, akauona mwamba, akatabasamu. Kisha akatazama kushoto. Akatembea hatua chache, akarudi, akaanza kupapasa majani kwa fimbo. Sikuweza kuvumilia zaidi.

"Bibi, mawe niliyatoa mimi. Nilijengea nguzo ile. Sikujua, na sikuuliza. Nisamehe."

Akaiendea nguzo, akapitisha kiganja juu ya yale mawe laini, moja baada ya jingine, mpaka akafika kwenye moja lenye mshipa mwekundu.

"Hili aliliokota mama," akasema. Akamgeukia Mhifadhi. "Hapo juu pameandikwa nini?"

Mhifadhi akasoma jina la yule mzungu, na kwamba alipita hapa na watu wake.

"Yeye alipita," akasema Bi Mwajuma. "Babu yangu alibaki."

Mhifadhi akainamisha kichwa. Mimi nililia, siwafichi. Bibi akafungua kibahasha, akatoa jiwe jeupe, bado lina mchanga wa ufukweni. Nilidhani ataliweka mwenyewe. Akanitia mkononi.

"Mimi nimeweka mengi. Wewe ndiye uliyetoa. Anza kurudisha."

Nililiweka pale palipokuwa peupe. Kabla ya kustaafu, Mhifadhi alipata kibali, jina la Feruzi likachongwa kwenye nguzo. Nami tangu siku hiyo sikuwahi kusimulia safari ile bila kumtaja mtu aliyekuwa na kanzu safi na hakuivaa.

Bi Mwajuma alikwishatangulia mbele ya haki. Mimi nilistaafu, magoti yanalia nikipanda kitandani, na wajukuu wananicheka wanaponiona ufukweni nimeinama nachagua mawe. Waacheni wacheke. Napanda bodaboda mpaka Ruiche, kilichobaki naenda kwa miguu. Rundo sasa linanifika gotini.

Bado sijafikisha hata karai la nne.