Asubuhi ya Mtihani wa Kilatini

Harufu ya sufu iliyolowa theluji, ikianikwa juu ya chuma cha moto, hunirudisha Minnesota papo hapo, hata niwe jikoni kwangu nikifanya mambo mengine. Ni harufu nzito, nusu ya kondoo, nusu ya nguo inayokaribia kuungua, na ndiyo iliyonipokea kila asubuhi ya baridi katika darasa la Bi Sundberg. Jengo la shule yetu lilikuwa la zamani. Chini ya madirisha yalipita mabomba ya mvuke ya kupasha chumba joto, yakigonga na kukoroma kama mzee aliyesinzia kanisani, na juu yake tulipanga glavu na kofia zetu zikauke huku tukisoma Kilatini.

Naam, Kilatini. Najua mnacheka. Hata Baba alicheka.

Tulihamia Richfield, kando ya Minneapolis na karibu na uwanja wa ndege, katikati ya miaka ya tisini. Mama, ambaye alikuwa muuguzi, alitangulia. Mimi na mdogo wangu Mwakio tukamfuata. Baba alibaki Voi, alikokuwa mwalimu wa shule ya msingi, akingoja viza. Tulisema angekuja kabla ya Krismasi, kisha kabla ya Pasaka, kisha tukaacha kutaja sikukuu.

Niliingia sekondari ya huko nikiwa nimebakiza miaka miwili tu kumaliza. Mwanamke wa ofisi ya shule aliyepanga ratiba za wanafunzi alipekuapekua, akakuta darasa la Kihispania limejaa, la uchoraji limejaa, akanitazama kwa huruma na kuniambia kwamba Kilatini kina nafasi. Wenzangu walikuwa wamekianza tangu wakiwa watoto. Mimi nilifika kama mgeni anayeingia arusini wakati sahani zinaoshwa. Na mbele yetu sote ulikuwapo mtihani mkubwa, mwezi wa tano wa mwaka wa mwisho, wa lugha hiyo na mambo ya Warumi wa kale.

Nilipomweleza Baba kwa simu Jumapili moja, alicheka kile kicheko chake kilichofanana na kukohoa. "Wakesho mwanangu," akasema, "umevuka bahari yote hiyo kwenda kujifunza lugha ya wafu?"

Lakini alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mcheshi, kwa hiyo akanikumbusha kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tangu siku ile, kila tulipoongea, akishamaliza kuuliza habari za baridi na chakula, aliuliza kama wafu wangu hawajambo. Nami nilimjibu kwamba hawajambo, wanamsalimu. Mwakio akipewa simu alijibu kwa Kiingereza kitupu, na Baba alilalamika kwamba amepigiwa simu na karani wa posta.

Bi Sundberg alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, na hakuwa mtu wa maneno matamu. Aliponiona nazama katika miisho ya maneno ya Kilatini, inayobadilika kila mara, akawa ananibakiza baada ya vipindi. Siku moja, nikiwa karibu kulia, akaniuliza "wao kutupenda sisi, siku zijazo" kwa lugha yangu husemwaje. Nikaandika ubaoni: watatupenda. Akangoja niendelee. Nikamwambia nimemaliza. Basi akataka nilikate neno vipande, nami nikamwonyesha nani anapenda, lini, na anayependwa ni nani, vyote vimekaa ndani ya neno moja kama nguo ndani ya begi.  Akasema Warumi nao walifungasha hivyo hivyo, na kwamba mimi nimekuwa nikifanya kazi hiyo tangu kuzaliwa bila kulalamika, kwa hiyo niache kulalamika sasa.

Sikulalamika tena. Mtu aliyelelewa na ngeli zetu, wasomaji wangu, hatishwi na lugha yenye jinsia tatu.

Majira ya baridi ya mwaka wa mwisho alituletea picha za mawe ya makaburi ya Warumi. Alituambia kwamba mara nyingi hawakuandika kuwa mtu amekufa. Waliandika kwamba aliishi, na miaka yake. Nikanyoosha mkono, jambo nililokuwa silifanyi sana, nikasema hata kwetu hatusemi hivyo. Tunasema ametutoka, amelala, hatunaye. Kijana mmoja akauliza kama lile neno lenyewe hatuna. Nikamjibu tunalo, ila tunawaachia kuku. Darasa zima lilicheka, na mimi nikaenda nyumbani nikiwa na furaha kwamba kwa mara ya kwanza nimewachekesha Wamarekani kwa makusudi.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, sauti ya Baba ilianza kupungua. Alisema ni malaria. Kisha akasema ni malaria na sukari kidogo. Mama alimuuliza maswali ya kiuguzi, akajibiwa kwa mizaha, na simu ikishawekwa alibaki amekaa ameshika ule mkono wa simu. Makaratasi ya Mama ya ukaaji wa Marekani yalikuwa katikati ya kubadilishwa. Wakili alikuwa amemwambia waziwazi kwamba tukitoka nchini kabla hayajakamilika, hatutaruhusiwa kurudi.

Simu iliita alfajiri ya siku ya mtihani. Alikuwa Baba Mdogo, ndugu yake Baba. Nilisimama kwenye ujia nikiwa na gauni la kulalia, na kwa upande wa Mama nilisikia maneno machache tu. Aliuliza ni saa ngapi. Aliuliza nani alikuwa naye. Akashukuru, akakata simu, akatuita tukae kwenye kochi.

"Baba yenu hatunaye," akasema.

Mwakio, ambaye kwa miezi mingi hakuwa ametamka Kiswahili, alimtazama na kuuliza, "Hatunaye vipi?"

Mama alimvuta, akamweka kifuani.  Hakulia. Baada ya muda aliinuka, akaenda jikoni kukoroga uji, na sisi tukabaki tukisikia mwiko ukigonga sufuria kama asubuhi nyingine yoyote. Aliporudi alikuwa amebeba koti langu.

"Vaa, Wakesho. Mtihani ni saa mbili."

"Mama, leo?"

"Leo ndiyo siku yake."

Tulikwenda kwa gari, Mwakio nyuma akiwa bado na viatu vya nyumbani. Ndege zilipita chini juu ya paa za nyumba, moja baada ya nyingine, zikienda huko zinakokwenda. Mama alikaza macho barabarani. Mbele ya shule alizima gari, akanigeukia, akaniambia nikae mpaka mwisho, nisitoke mapema. Nilishuka, nikafunga mlango. Moyoni nilijiambia kwamba mwanamke huyu ana jiwe mahali pa moyo, na kwamba ameniondoa nyumbani kwa sababu hataki kuniona nikilia.

Kifungu cha kwanza kilihusu askari wanaovuka mto. Niliyatazama maneno yale na hayakuwa maneno, yalikuwa sisimizi. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Kisha, kwa kuwa mkono ulikuwa umezoea, nikaanza kukata vipande: nani, lini, anamfanyia nani. Nikaandika mstari, nikamkumbuka Baba, nikaandika mstari mwingine. Bi Sundberg, aliyekuwa msimamizi, alikuwa ameshaambiwa na ofisi. Alikuja akasimama kando ya dawati langu, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, kisha akaendelea na mizunguko yake.

Nilikaa mpaka mwisho.

Jumamosi Baba alizikwa kwao, milimani Taita, na sisi tukawa Richfield. Wakenya wa kanisani kwetu walikuja nyumbani na masufuria yao, wengine wakiwa na sare za kazini chini ya leso, wametoka shifti. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na siku ile mfiwa hakuanza. Mama alimimina chai. Aliuliza nani hajapata sukari. Akina mama wale walikaa wakimtazama, wakimngoja aanze. Wimbo ulianzishwa, ukafifia.

Ndipo Bi Sundberg akabisha hodi. Alikuwa amebeba bakuli zito la tambi na nyama ya kusaga lililofunikwa kwa taulo, kama wafanyavyo watu wa kule penye msiba, na hakujua amkabidhi nani. Aliketi pembeni ya kochi, magoti pamoja. Mama alimpelekea chai, na badala ya kumpa, akamuuliza kwa Kiingereza chake cha polepole kama mtoto alifika kwa wakati.

"Alifika," Bi Sundberg akasema. "Alikaa mpaka mwisho. Nilikuwepo, nilimwona."

Mama aliweka kikombe chini. "Baba Wakesho," akaita, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nizaliwe, "Baba Wakesho, mtoto amefika," na kuangua kilio. Akina mama wakampokea, nyumba nzima ikapokea kilio. Bi Sundberg, ambaye hakuelewa neno hata moja, alilia naye, kimya, mikono juu ya magoti.

Mtihani nilifaulu, kwa shida. Mwaka uliofuata Bi Sundberg alistaafu na darasa la Kilatini likafungwa.

Miaka ilipita kabla makaratasi hayajaturuhusu, na siku tuliyofika hatimaye kwenye kaburi la Baba nilikuwa mtu mzima mwenye watoto. Mama alikwisha kuzeeka. Tulisimama kwenye udongo ule mwekundu, upepo wa milimani ukipeperusha leso yake, na bila mimi kumuuliza chochote akasema, "Siku ile sikuweza kukufikisha hapa. Pale shuleni niliweza."

Kwa miaka yote ile nilikuwa nimeamini kwamba asubuhi ile alinipeleka mbali na msiba. Kumbe alikuwa na watoto wa kuwafikisha kwa baba yao na njia imefungwa, na katika dunia nzima ilikuwa imebaki barabara moja tu ambayo hakuna aliyemzuia kupita. Akaipita, amekaza macho, akanifikisha mpaka mlangoni.