Msiba Uliofika Kanga kwa Simu

Kila asubuhi, kabla sijafungua banda langu la sola, husikiliza habari za teknolojia redioni. Jioni husoma zaidi kwenye simu. Shule niliishia darasa la saba. Ninachokijua kuhusu umeme, betri na mawimbi nimekiokota kwenye vitabu vya mitumba na kwa kufungua vitu vilivyoharibika. Sina chuki na mashine, maana ndizo zinazonilisha. Nalisema hili mapema kwa sababu ninayotaka kuyaeleza yanaweza kusikika kama malalamiko ya mtu anayeogopa mambo mapya, na mimi simo katika kundi hilo.

Habari hizo zina kasoro moja ambayo nimeisubiri irekebishwe na haijarekebishwa. Zinataja kilichofika, hazitaji kilichoondoka. Mnara ukisimamishwa mahali, mtangazaji husema wananchi wa pale sasa wameunganishwa. Neno hilo limenikinaisha. Sijasikia hata siku moja mtangazaji akiuliza watu hao walikuwa wameungana kwa njia gani kabla ya mnara, na njia ile imeishia wapi.

Hapa Kanga, kijijini kwetu kisiwani, njia mojawapo ilikuwa utaratibu wa kupeleka habari ya kifo. Mtu akifariki, kabla hata maji ya kumwoshea hayajachemka, wafiwa walichagua watu wa kutumwa: wewe nenda Kilindoni, wewe nenda kwa wifi, wewe vuka bahari uende bara. Aliyetumwa alikuwa ndugu. Akifika hakusema mlangoni. Alipiga hodi, akasalimia, akaomba maji ya kunywa, akaketi. Kisha alisema fulani hakuamka vizuri, halafu kwamba hali ilizidi, na mpaka anafika kwenye neno lenyewe mwenye nyumba alikuwa amekwisha kujishika. Jirani, hata awe ameisikia habari kwa njia nyingine, alifunga mdomo mpaka aliyetumwa afike. Kifo cha ndugu wa mtu hakikuwa habari yake kuitoa. Nilipokuwa kijana niliuona utaratibu huu kuwa wa kupoteza muda. Baadaye nilielewa kwamba aliyetumwa hakuleta maneno tu. Alikuja kumchukua mfiwa, na safari ya kwenda msibani waliifanya pamoja.

Sasa chama chetu cha kuzikana kina kundi la simu. Wamo watu wa Kanga waliopo Kanga, waliohamia Kilindoni na Miburani, na walioko Dar es Salaam. Msiba ukitokea, mtu mmoja huandika, na wote hupata mara moja. Mimi mwenyewe nililisifu kundi hilo lilipoanzishwa, na sehemu kubwa ya sifa zile bado nasimama nazo. Kuna watu wa Dar es Salaam ambao zamani walisikia misiba ya huku matanga yakiwa yamekwisha.

Asubuhi ninayoizungumzia uliletwa ujumbe kwamba mzee mmoja wa Miburani, mwenyeji wa hapa Kanga kwa asili, amefariki baada ya sala ya alfajiri, na maziko ni baada ya alasiri. Aliyeandika alikuwa mwanawe mkubwa. Chini yake zikafuatana dua, moja baada ya nyingine. Watu wa Kanga tulikuwa wa kwanza kuandika, na yangu ilikuwamo.

Marehemu alikuwa na dada mmoja tu aliye hai, bibi ambaye nyumba yake inapakana na yangu. Hakuwa na simu ya kuonyesha ujumbe wa namna ile. Alikuwa na kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, cha kuzungumzia na binti yake, ambacho mara nyingi hakina chaji. Walizaliwa wengi kwao, wakabaki wao wawili, yeye akiwa mkubwa. Alimbeba mgongoni yule mdogo wake, na alipenda kutueleza jinsi mtoto huyo alivyokuwa mzito na mvivu wa kutembea.

Nilimwambia mke wangu kuhusu msiba, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza nani amekuja kumchukua bibi. Nikamjibu kwamba bila shaka yuko njiani. Tukaenda kuketi naye, kama inavyotakiwa, ili aliyetumwa akifika asimkute peke yake. Tulimkuta barazani akisuka ukili wa mkeka. Baada yetu walikuja majirani wengine, wanawake kwa wanaume, kila mmoja akiwa na kisingizio. Mmoja alisema anatafuta kuku wake. Mwingine alisema amepita tu, na akaketi.

Bibi alitutazama, akacheka.

"Mbona mmekuja wengi hivi, mmeleta posa? Mahari yangu kubwa, nawaambieni mapema."

Tulicheka pamoja naye. Kicheko kile nakikumbuka kuliko jambo lolote la asubuhi ile, kwa sababu kila mmoja wetu alicheka kidogo zaidi ya ilivyostahili, kisha tukatazama njia.

Pikipiki zilipita. Kila moja tuliidhania kuwa ndiyo. Akaja pia mwalimu wa shule yetu, kijana wa bara, Mkristo, anayeishi nyumba ya pili kutoka hapo. Naye yumo kwenye kundi kwa sababu anachangia chama kama sisi. Alinivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini bibi hajaambiwa. Nilimweleza utaratibu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama nina hakika kuna mtu aliyetumwa. Nikasema hakuna watu wanaoacha kumtumia dada wa marehemu mtu. Akaniomba nipige simu. Nilipiga simu ya mtoto wa marehemu, ikawa inatumika; nikapiga tena, ikawa inatumika. Simu ya mfiwa siku hizi haipumziki, maana kila aliyesoma ujumbe anataka sauti yake isikike. Sikuandika kundini kuuliza mmemtuma nani, kwa sababu swali kama hilo mbele ya watu wote lingekuwa lawama kwa watu ambao maiti yao bado iko ndani.

Jua lilipanda, adhuhuri ikapita, likaanza kuinama. Mke wangu akaenda nyumbani, akarudi na ndoo ya maji kichwani na mzigo wa kuni. Nadhani alichoka kukaa mikono mitupu. Akaviweka jikoni kwa bibi, na hapo bibi akaacha kusuka.

"Mmeniletea maji na kuni," alisema. "Basi hii ni nyumba ya msiba, ila mwenyewe ndiye sijui. Ni ndugu yangu?"

Hakuna aliyejibu, na hilo likawa jibu. Aliusukuma ukili kando. Kisha akauliza wanazika saa ngapi. Nilipomwambia baada ya alasiri, alitazama kivuli cha paa uani, akaingia ndani kuvaa baibui.

Nilimchukua kwa pikipiki yangu. Si safari ya kumpakia mtu wa umri wake kwa kasi, na aliniomba nisikimbie kwa sababu kiuno kinamuuma, kisha kidogo akaniomba nikimbie. Tulipoingia Miburani wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, wanapangusa mchanga mikononi. Alikuwa ametaka kitu kimoja tu, auone uso wa mdogo wake kabla haujafungwa. Wanawake wa nyumba ile walikuwa wamekwisha kumuaga ndani, kila mmoja kwa zamu yake.

Mtoto mkubwa wa marehemu alitupokea mlangoni. Alimpa shikamoo shangazi yake, akaitikiwa marahaba, kisha akasema kwamba walimngojea kidogo, halafu wakaona labda ameamua kupumzika. Aliyasema kwa upole, na ule upole ndio uliokuwa mbaya. Kila mtu pale alijua kwamba bibi na marehemu waliwahi kutoelewana juu ya minazi ya baba yao. Nyumba nzima ilikuwa imekaa tangu asubuhi ikiamini kwamba shangazi amesusa.

"Mimi sikuambiwa," bibi alisema.

Kijana akatoa simu. Hakuwa na nia ya ubishi; nadhani alitaka kujithibitishia yeye mwenyewe. Alisema alimpigia kitochi chake mara moja, hakikupatikana, ndipo akaandika kundini, na Kanga walijibu wote. Akashusha dua zile kwa kidole mpaka akafika kwenye yangu. "Huyu hapa uliyekuja naye, shangazi. Kajibu kabla ya watu wa Kilindoni."

Bibi alinigeukia. "Ulimjibu yeye?"

"Nilimjibu."

"Na mimi ukanicheka na posa zangu."

Yule kijana alikuwa amepokea salamu kutoka Kanga, akaelewa kwamba Kanga wanajua, na shangazi yake ni wa Kanga. Sisi tulikuwa tumeona tangazo, tukaelewa kwamba waliotangaza wametuma mtu. Kila upande uliamini kwamba upande wa pili umetimiza wajibu wake. Wao walikuwa wameacha utaratibu wa zamani, sisi tulikuwa bado tumeushika, na bibi akawa katikati ya mambo hayo mawili, anasuka ukili.

Bibi alimwambia mpwa wake jambo moja tu zaidi kabla ya kuingia kwa wanawake. "Mimi na baba yako minazi tulishaimaliza. Hatukuwaiteni mshuhudie." Mmoja wa vijana alimfuata ndani kumwonyesha video ya maziko kwenye simu. Nilisikia baadaye kwamba aliitazama mpaka mwisho, akashukuru, akauliza kama ipo ya uso. Haikuwapo, na ni haki isiwepo.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na hoja yangu ni hii. Zamani mtu asiyefika msibani alihesabiwa kuwa hajapata habari. Watu walisema maskini, hajui, na wakimwona walimpa pole. Siku hizi anahesabiwa kuwa amekataa. Teknolojia ambayo habari za asubuhi huisifu kwa kasi yake imetuondolea udhuru ule. Habari ikiweza kumfikia kila mtu, tunaanza kuamini kwamba imemfikia kila mtu, na anayekaa kimya anaonekana mwenye kinyongo. Sijui wataalamu wanalipimaje jambo kama hilo. Wanapima ni nyumba ngapi zina mtandao. Bibi kwenye hesabu hiyo ni mtu aliyeunganishwa: mnara anauona kutoka uani kwake, na kitochi chake hushika mawimbi vizuri kikiwa na chaji.

Siwezi kusema kundi livunjwe. Msiba uliofuata tulilitumia tena, nami niliandika dua yangu kama wengine. Tulichokifanya ni kukubaliana kwamba anayetangaza aandike pia majina ya waliotumwa na wanakokwenda. Kwa misiba miwili mitatu watu waliandika. Kisha wakaacha, kwa sababu hakukuwa na waliotumwa wa kuandikwa.

Matanga yalipokwisha bibi alirudi Kanga kwa bodaboda. Nilikwenda kumwomba radhi. Alisema hana la kunisamehe. Kama ningemwambia asubuhi ile, alisema, angenilaumu kwa kujipa kazi isiyo yangu. Sikujua kama ananifariji au anasema anachoamini. Sasa najua kwamba alikuwa anasema anachoamini.

Baada ya muda mtoto wa marehemu aliandika kundini kumwomba msamaha shangazi yake. Ulikuwa ujumbe mrefu, wa lugha iliyonyooka mno, wenye maneno kama "pengo lisilozibika" na "kutokana na changamoto za mawasiliano". Siku chache kabla nilikuwa nimesikia redioni kuhusu programu zinazowaandikia watu barua, hata za rambirambi, mtangazaji akizisifu kwamba zinaokoa muda. Sina ushahidi kwamba kijana alitumia programu, na sitamshitaki mtu kwa kosa la kuandika vizuri. Hata kama aliandika kwa mkono wake na machozi yake, jambo moja lingebaki palepale: aliyeombwa msamaha hakuwemo kundini. Watu waliitikia amina, wakaweka vijikono vya kuomba. Wengine walimsifu kwa ungwana wake.

Nilichukua simu nikaenda barazani kwa bibi. Mwalimu alikuwapo, amekuja kununua mkeka. Nilimsomea bibi ujumbe wote, taratibu, neno kwa neno. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Nani kakutuma?" aliuliza nilipomaliza.

Nikamwambia hakuna, nimeuona mwenyewe.

"Hata yeye hakukwambia uje?"

"Hakuniambia."

"Basi haujafika," alisema. "Ukifika nitaupokea, ni mtoto wangu."

Mwalimu alinitazama, na safari hii hakuuliza kitu. Nilifunga simu. Nilifikiria kumpigia yule kijana nimweleze, kisha nikaona kwamba nikimweleza nitakuwa nimemtuma mimi, na bibi atajua.

Miezi imepita tangu hapo. Pikipiki zinazotoka Kilindoni na Miburani hupita mbele ya nyumba yake kutwa nzima. Nikiwa bandani kwangu namwona: ikipita kwa kasi haigeukii, ikipunguza mwendo, anaacha kusuka, anaitazama.