Tangi la Dirishani

Siku ya kubadilisha maji ya samaki, katika nyumba ya kinyozi hapakuwa na mgeni wala mwenyeji. Wote waligeuka vibarua wa tangi. Zulia lilikunjwa, viti vikasukumwa ukutani, na mapipa ya maji yaliyochotwa jana yake, yakaachwa wazi ili dawa ya bombani iishe nguvu, yakaburutwa hadi sebuleni. Tangi lenyewe lilikuwa refu kama kitanda cha mtu mzima. Lilikaa juu ya meza nzito chini ya dirisha kubwa, dirisha pekee la nyumba ile lililopata jua tangu asubuhi hadi alasiri.

Kinyozi alikuwa mtu wa maneno. Ukikaa kwenye kiti chake, ulitoka na kichwa chepesi na masikio mazito. Alikuwa na la kusema juu ya mpira, mvua na ndoa za watu, na ukimgusa kwenye samaki, basi umejitakia mwenyewe, hata nywele zingeota upya kabla hajamaliza. Lakini palikuwa na jambo moja dogo kuhusu tangi lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, na ndilo lililomkosesha raha kila alipokunja mikono ya shati na kushika mpira wa maji.

Mpira huo ulipita mlangoni ukafika uani, ambako mkewe alisubiri na ndoo zake. Kinyozi alifyonza ncha ya uani kwa mdomo hadi maji yaanze kushuka, akitema na kulaani, mkewe akaibana, halafu yeye akarudi kwenye tangi na kupaza sauti, "Achia!" Mkewe aliachia. Ndoo ikikaribia kujaa, mkewe alijibu kutoka uani, "Nabana!" Kabla ya kumwaga, mkewe alichungulia ndani ya ndoo, maana vijisamaki vidogo vilikuwa na tabia ya kufuata maji na kujikuta nje. Hiyo ilikuwa kazi yake na hakuna aliyeiweza zaidi yake. Maji yakishapungua, kinyozi alichukua wembe wa dukani kwake na kuanza kukwangua ukijani uliotanda kwenye kioo. Ukijani huo haukuwa na haya. Aliunyoa leo, wiki ijayo umerudi.

"Pole, Baba Watoto," mkewe alizoea kumwambia. "Hawa samaki wako wanakutesa."

Neno hilo la pole lilimchoma kuliko tusi.

Kabla tangi halijaja, mahali pale palikuwa pa cherehani. Mkewe alikuwa fundi wa nguo za kike, mwenye mkono mwepesi na mteja asiyekosekana, na alishona chini ya dirisha lile huku akisalimiana na wapita njia. Siku kinyozi alipoleta tangi juu ya mkokoteni, akiwa amevimba kwa furaha, mkewe aliuliza swali moja tu.

"Ukiliweka hapa, mimi nitashonea wapi?"

"Chumba cha nyuma. Si kina taa?"

"Taa ile inajimulika yenyewe tu, mume wangu. Hao samaki kwa nini wasikae wao huko nyuma?"

"Samaki wanataka jua, Mama Watoto. Wale ni viumbe hai."

"Na mimi je?"

Wakacheka wote wawili, na cherehani ikahamishwa. Ukweli ni kwamba kinyozi hakujua lolote kuhusu samaki na jua. Alichotaka ni sifa. Alitaka mtu akifungua mlango tu atoe macho na kusema, lo, haya mambo makubwa! Na watu walitoa macho kweli, akasifiwa, akanenepa kwa sifa.

Halafu maji yakaanza kuwa ya kijani. Alibadilisha, yakarudi. Akaenda kwa muuza samaki wa mapambo kununua dawa, na yule bwana, badala ya kumuuzia, akamuuliza tangi liko wapi.

"Dirishani? Basi dawa ya nini? Jua ndilo linalokuletea huo ukijani. Lipeleke chumba chenye giza, uliwekee taa yake ndogo, utausahau huo wembe."

Kinyozi alirudi nyumbani na maneno hayo mdomoni, tayari kuyasema. Alipoingia alisikia cherehani ikilia kule nyuma. Akasimama mlangoni pa kile chumba, akamwona mkewe ameinama, pua inakaribia kugusa sindano. Kusema maana yake ilikuwa ni kukiri kwamba mke alikuwa sawa tangu siku ya kwanza, na yeye, mjuzi wa kila kitu mtaani, alikuwa amebwabwaja. Akaufyata. Alijiambia nitasema kesho. Kesho hiyo ilikuja na kupita mara nyingi, na kadiri ilivyopita ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi, kwa sababu sasa angelazimika kueleza si jambo lenyewe tu bali na kule kunyamaza kwake. Watoto walikua wakaondoka. Yeye akaendelea kunyoa kioo, na mke akaendelea kumpa pole.

Ilikuwa katika siku moja ya maji kama nyingine zote. Kinyozi alisikia ndoo ikimwagwa uani, akatoka kuchukua kitambaa, na kwenye saruji kando ya mtaro akaona kijisamaki chekundu kinaruka-ruka.

"Mama Watoto! Umemwaga samaki!"

"Nimechungulia mimi! Yuko wapi?"

"Huyo hapo."

"Wapi?"

Samaki alikuwa mbele ya kidole gumba cha mguu wa mkewe. Mke aliinama, akapapasa saruji iliyolowa, akapapasa upande usio wenyewe. Kinyozi alisahau hata kumwokoa yule samaki. Alisimama akiutazama ule mkono.

"Tangu lini huoni?"

"Naona," mkewe alisema. Kisha akakaa chini palepale, nguo zikalowa. "Naona kidogo. Sikutaka kukusumbua. Nisamehe, nimekuulia samaki wako."

Alipoombwa msamaha, kinyozi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Daktari wa macho aliwaeleza kwa upole. Ulikuwa ugonjwa wa nyuma ya jicho. Dawa ingeuchelewesha, lakini kilichokwisha kupotea hakingerudi. Mkewe alipotangulia kutoka, kinyozi alibaki mlangoni akiminya kofia yake.

"Daktari, mtu akishonea kwenye mwanga hafifu miaka mingi, si ndio unaua macho?"

"Hapana. Unayachosha tu. Ugonjwa huu ungemjia hata angeshonea juani."

Kinyozi alishusha pumzi. Alitembea na mkewe kuelekea nyumbani akiwa mwepesi, karibu apige mluzi. Si mimi, alijiambia, si mimi niliyemharibu. Wakafika kwenye kona ya duka la vitambaa, mkewe akapunguza mwendo, akatazama upande wa zile rangi zilizoning'inia.

"Sijui yamebaki macho ya nguo ngapi," alisema. "Ningejua, yale mazuri ningeyatumia vizuri."

Ule wepesi ulimtoka kinyozi palepale. Daktari alikuwa amemwondolea kosa moja akamwachia lile lenyewe. Macho yale yalikuwa na miaka yao ya kuona, na miaka hiyo yeye aliifungia chumba cha nyuma, akaacha jua lote lioteshe ukijani kwenye kioo.

Hakungoja tena kesho. Mkewe alipokwenda kwa dada yake, kinyozi alimwita shemeji yake seremala, wakawahamishia samaki kwenye mabeseni na kuondoa maji yote, hadi tone la mwisho. Wakalibeba tangi hadi chumba cha nyuma, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kwenda upande.

"Shemeji, si ulituhubiria wewe kwamba samaki wanataka jua?" seremala aliuliza akijifuta jasho.

"Shika kona yako, shemeji," kinyozi akajibu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuongeza neno.

Mkewe alirudi alasiri. Akasimama mlangoni, akageuza uso kuelekea kwenye mwanga, kisha akaenda polepole hadi mkono ukagusa gurudumu la cherehani. Akakaa. Akajaribu kutunga uzi, ukapita kando. Akajaribu tena. Kinyozi akamchukulia, akautunga.

"Palikuwa pazuri hapa," mkewe alisema.

"Nilijua," kinyozi akasema. "Muuza samaki aliniambia zamani. Tangi lilitakiwa kukaa kule nyuma na wewe ukae hapa. Nilijua, nikanyamaza. Niliona aibu kukwambia ulikuwa sawa."

Mguu wa mkewe ulisimama juu ya pedali.

"Zamani ya lini?"

"Watoto walikuwa bado hapa."

"Kwa hiyo gauni la harusi la binti yetu nililishonea kule wakati unajua?"

Kinyozi alikaa sakafuni kando ya pedali.

"Nililifumua lile gauni mara ngapi, Baba Watoto. Vile vishanga vidogo. Nililia mle ndani, ukaja mlangoni ukaniuliza kuna nini, nikakwambia nimejichoma sindano. Siku hiyo pia ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Mkewe aliitikia kwa kichwa, taratibu. Kisha akavuta kitambaa, akakiweka chini ya sindano kwa kupapasa, akaanza kushona.