Siku Iliyoibwa kwa Mwezi

Nesmin alikuwa jirani yangu, ukuta wetu ni mmoja, na kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kulala saa wanazolala watu. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya paa la hekalu la Amon hapa Waset na kutazama mbinguni. Mimi ni mwoka mikate wa hekalu hilohilo, naamka wakati wenzangu ndio kwanza wanaota, kwa hiyo tulikutana njiani kila mara, yeye akielekea kwenye ngazi zake na mimi kwenye tanuri langu. Alinitania kwamba mimi ni kuhani wa unga. Nami nilimjibu afadhali huo unga, maana sijawahi kuona mtu aliyeshiba nyota.

Wageni wa jangwani huanza mwezi wao unapoandama jioni. Sisi hatuna mambo hayo. Mwezi wetu unaanza asubuhi ile ambayo mwezi mkuukuu, ule uzi mwembamba unaochomoza mashariki kabla ya jua, hauonekani tena. Khonsu, mungu wetu wa mwezi, akiwa hivyo tunamwita mzee, kwa sababu amezaliwa, amenenepa, amekonda, na sasa anakwenda zake. Lazima awepo mtu wa kusema mbele ya mungu kwamba mzee ameondoka, na mtu huyo alikuwa Nesmin. Akisema hayupo, siku ile ndiyo ya kwanza, na sikukuu zinahesabiwa kuanzia hapo. Akisema yupo, hekalu zima linangoja hadi kesho: makuhani na vipara vyao, waimbaji, wapiga makasia, na mimi na mikate yangu inayokauka.

Walimchagua kwa macho yake, lakini hata ulimi wake ulikuwa wa kazi hiyo. Hakujua kudanganya. Siku aliyooa, mama mkwe alimuuliza kama bata alikuwa mtamu, naye akasema chumvi imezidi. Mama yule alimnunia hadi wakati wa mavuno. Mkewe, maskini, alifariki kwa uzazi mapema, na tangu hapo Nesmin akaishi na mama yake, Mutirdi.

Mutirdi nilimpenda kama mama yangu, ingawa alikuwa na mdomo kama wembe. Mikate yangu aliita matofali, kisha anakula miwili. Mumewe amezikwa ng'ambo, kwenye kilima cha magharibi, na kila mwaka Amon anapovuka Mto wakati wa Sikukuu ya Bonde, siku ya kwanza ya mwezi, Mutirdi alikuwa wa kwanza kufika gatini. Siku hiyo sote tunavuka nyuma ya mungu, tunabeba chakula, pombe na maua, tunakwenda kukaa na watu wetu waliolala kule. Tunakula nao, tunawapa habari za nyumbani, tunakesha. Mtu asiyevuka siku hiyo huwa anasikia ngoma za ng'ambo na kulia peke yake.

Mwaka ninaousema, kifua cha Mutirdi kilikuwa kimeharibika. Akitembea kutoka mlangoni hadi mtungini anasimama kupumua. Alijua, na sisi tulijua, kwamba huo ndio mvuko wake wa mwisho. Akataka jambo moja tu. Mwanawe mdogo, Pabasa, alikuwa mtu wa mashua, anashusha nafaka kaskazini na kurudi na chumvi na mikeka, na tangu wamzike baba yao hakuwahi kufika kaburini siku ya sikukuu. Mutirdi alitaka kuketi mbele ya mumewe, mtoto huyu kulia, huyu kushoto. Alituma salamu kwa kila nahodha aliyepanda na kila aliyeshuka. Pabasa akajibu kwamba anakuja, mama asiwe na wasiwasi.

Siku ya mkesha mwenye mashua mmoja akapita, akasema amemwacha Pabasa mjini Gebtu, tanga limelala, hakuna upepo. Ukivuma kidogo tu, angefika kesho kutwa asubuhi, au kesho jioni akijitahidi. Na sikukuu, kwa hesabu ya kila mtu, ilikuwa kesho.

Alfajiri ile anga ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Nesmin alikaa kwenye mkeka wake akitazama mahali ambapo mzee angetokea, na mzee hakutokea. Hapakuwa na vumbi wala wingu la kusingizia. Pembeni yake alikuwa bwana wake, Djedhor, mkuu wa watazamaji wa saa, ambaye macho yake yalikuwa yamefunga ukungu zamani na alipanda paa kwa heshima ya cheo tu. Mashariki ilipoanza kuwa nyekundu, Djedhor akauliza.

"Je, umemwona mzee?"

Nesmin aliniambia baadaye kwamba alifungua mdomo aseme hapana. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Kisha akamwona moyoni mama yake amekaa katikati yao, yeye na Pabasa, mbele ya baba.

"Nimemwona, bwana. Pale juu ya ule mtende. Amekonda sana."

Djedhor akageuza uso kwenye mtende asiouona. "Ehe," akasema, "kweli, amekonda." Wakubwa ndivyo walivyo.

Habari ikashuka kwenye ngazi, ikatufikia jikoni. Nilitoa matusi ambayo sitayarudia. Mikate ya sikukuu ilikuwa imeshaiva, milima kwa milima, na katika joto lile ikingoja siku nzima ndipo kweli ingestahili jina alilolitoa Mutirdi. Nikawa naifunika kwa nguo mbichi na kumlaani mzee wa mbinguni, nisijue namlaani mtu asiye na kosa.

Nesmin aliporudi nyumbani alimkuta mama yake ameshavaa. Shanga zake zote zilikuwa shingoni, na juu ya shanga shada la maua ya yungiyungi na majani ya mforosadi, la kwenda nalo ng'ambo. Alikuwa ameketi mlangoni na fimbo yake.

"Mbona sisikii ngoma?"

"Bado, mama. Mzee bado yupo."

"Umemwona wewe mwenyewe, mwanangu?"

"Nimemwona, mama."

Mutirdi akamtazama kidogo, kisha akavua maua na kumwambia ayatie kwenye bakuli la maji yasinyauke. Baba yenu amengoja miaka yote hii, akasema, hatachoka kwa siku moja. Akacheka, na kicheko kikageuka kukohoa.

Adhuhuri joto lilizidi. Akaomba alazwe chini, kwenye sakafu, ndiko kuna ubaridi. Akaomba maji, akanywa kidogo, akauliza kama kuna upepo mtoni. Nesmin akatoka kwenda kuangalia upepo. Aliporudi kumwambia kwamba umeanza kuvuma, hapakuwa na wa kuambiwa. Mimi nilisikia kilio kupitia ukutani, nikajua, nikaiacha mikate.

Pabasa aliingia jua lilipokuwa linazama. Tulimsikia kabla hatujamwona, anakuja kwenye kichochoro anaimba wimbo wa makasia, samaki kamtundika begani na shuka mpya ya mama yake kaikunja kwapani. Sitaki kusema zaidi juu ya hapo.

Mama walimpeleka kwa watu wa magadi, wanaokausha maiti, kama inavyopasa, na huko angekaa siku zake zote kabla ya kuzikwa. Lakini Amon hamngojei mtu. Asubuhi iliyofuata akavuka kwa ngoma na uvumba, nasi tukavuka nyuma yake. Nilikwenda na wale ndugu wawili kwa sababu sikuweza kuwaacha peke yao. Walitandika mikeka mitatu mbele ya mlango wa kaburi la baba yao, wakauacha wa katikati mtupu, wakauwekea yale maua. Yalikuwa bado mabichi kama yamechumwa siku ile.

Pabasa alikunywa haraka, akaanza kuongea na baba yake kwa sauti, kama tunavyofanya sote.

"Baba, Khonsu amenipenda. Amebaki mbinguni siku nzima ya ziada kuningojea mimi, mtoto wako wa majini nisiyekuja kukuona. Ni mama tu aliyekuwa na haraka."

Nesmin akaweka kikombe chini, akainuka akaenda kando. Nilidhani ni uchungu wa msiba, nikamwacha.

Baada ya hapo utani wetu wa njiani ulikwisha. Alipita akinyenyekea kama mtu anayedaiwa. Paani naye akawa mgumu. Asubuhi moja ya vumbi makuhani walipouliza kama mzee yupo, alijibu kwamba hajui. Wakauliza tena, akasema tena hajui. Makuhani wanaweza kuvumilia yupo au hayupo, lakini neno sijui linawavuruga, kwa hiyo wakamteremsha na kumpa kazi ya kuchunga mabata bukini wa ziwa takatifu. Mimi mwoka mikate nikaona mtu wa nyota ndiye aliyemwaga unga. Nilipomwambia hivyo alitabasamu, na ndiyo siku aliyoketi kwenye kizingiti cha tanuri langu akanieleza yote.

Aliamini kwamba Khonsu na Djehuty, karani wa miungu, ndio wanaohesabu siku za watu, na kwamba aliponyofoa siku kutoka kwa mwezi, mwezi ulikuja kuidai palepale nyumbani. Nilijaribu kumtuliza. Nilimwambia mama alikuwa na kifua, angekufa siku ileile hata kama yeye Nesmin angesema mzee ameondoka, tena angekufa katikati ya Mto, watu wakihangaika.

"Angekufa mtoni akielekea kwa baba," akasema. "Maua yake yakiwa shingoni. Mimi ndiye niliyemfanya ayavue."

Nikatafuta lingine. Nikamkumbusha kwamba hata Djehuty alichukua siku kutoka kwa mwezi hapo kale, zile siku tano ambamo mama mbingu, aliyekatazwa kuzaa siku nyingine zote, alizaa watoto wake, na hakuna anayemlaumu.

"Djehuty alicheza bao na mwezi akashinda. Alipewa. Mimi nilichukua, ndugu yangu, na nilichokwenda kukinunua sikukipata."

Nilimpa mkate wa moto, akaushika mikononi bila kula. Naumia hadi leo kwamba mtu mwema namna ile alidanganya mara moja tu katika maisha yake, kwa mapenzi, na likatoka lile.

Alizeeka na mabata yake. Pabasa hakuambiwa kamwe, na kila alipopita Waset aliendelea kumshukuru Khonsu mbele yake kwa kumngojea. Nesmin alipougua safari hii ya mwisho nilikuwa nampelekea uji. Nilidhani anaogopa ukumbi wa mizani, mahali ambapo moyo wa marehemu unapimwa na Djehuty anasimama na kalamu yake, huyohuyo bwana wa mwezi. Nikamwambia ajitayarishe kusema maneno, kama watu wote, sikuiba, sikusema uongo.

"Hayo sitayasema," akanijibu. "Djehuty wala simwogopi, alikuwepo pale juu, anajua hapakuwa na kitu. Namwogopa mama. Ataniuliza tena kama nilimwona mzee. Sijui nitamjibu nini."

Tumemzika kwenye kaburi la baba yake, ubavuni mwa mama.

Mwaka huu mzee aliondoka kwa wakati wake. Pabasa yuko kaskazini na upepo haukumsaidia, kwa hiyo nilivuka peke yangu na mikate niliyoioka alfajiri hiyohiyo. Nikatandika mikeka mitatu, nikamwaga pombe kidogo kwa kila mmoja, nikawapa habari za mtaa. Kisha nikamgeukia yule mama.

"Mama Mutirdi, mwanao hakumwona mzee asubuhi ile. Alitaka uvuke na watoto wako wote wawili. Mimi nimeshakuambia, basi yeye usimuulize."

Nikamega mkate, nikampa yeye kwanza.