Tulivyomlilia Mzee Sokrate

Enzi zetu Rinkeby, kitongoji cha Stockholm huko Uswidi, miaka ile ya sabini maghorofa yakingali yananukia rangi mbichi, hatukuwa na televisheni. Tulikuwa na Mzee Sokrate. Baba alikuwa akisoma chuoni jioni, na kila alichojifunza kuhusu mwanafalsafa huyo wa Ugiriki ya kale alituletea mezani, tukila ugali wa ngano kwa kuwa wa mahindi haukupatikana. Kwa heshima alimwita Mzee, basi mimi na dada yangu Neema tukaamini ni mtu wa ukoo wetu.

Nikijigamba kwamba Kiswidi changu kinampita mama, baba alinikata kauli: "Mzee Sokrate alisema anachojua ni kwamba hajui. Wewe mwenzetu umejua lini?" Mwili ulinisisimka. Watu wazima niliowafahamu walijua kila kitu, hasa wasichokijua.

Majira fulani ya baridi babu, baba yake baba, alifariki Moshi. Baba hakuweza kwenda kuzika. Alikwenda kazini kama kawaida, hakutoa chozi, wala hakumwambia mtu. Mama alipotaka kuwaita Watanzania wenzetu, alimkatalia. Tangu hapo mama alikuwa akimtazama kwa hofu.

Jumapili moja baba akatusimulia Mzee Sokrate alivyohukumiwa kifo kwa maswali yake, marafiki wakamwandalia njia ya kutoroka, akakataa, akanywa sumu huku akiwatuliza waliokuwa wakilia. Tulishindwa kula. Sikujua kama binadamu anaweza kuwa mkubwa kiasi hicho. Kesho yake Neema alilia darasani, akamwambia mwalimu kuwa mzee wetu amefariki.

Jioni mwalimu akabisha hodi na maua meupe, akatoa pole kwa kifo cha Mzee Sokrate. Nilingoja baba acheke, au atufokee. Aliyapokea maua, akaketi.

"Ahsante," alisema kwa Kiswidi. "Baba yangu amefariki."

Ndipo akalia, kwa sauti, na mwalimu akamshika mkono. Mama akatandika mikeka. Watanzania wenzetu wakaja kutoka vitongoji vingine, Sundbyberg hadi Upplands Väsby, matanga yakakaliwa kama nyumbani.

Siku hizi ukimtaja Sokrate kwa wajukuu zangu, wanabonyeza simu na kukusomea kwa Kiswidi alizaliwa wapi na alikufaje, huku wanatafuna. Wanajua mengi kutupita. Ila hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumlilia.